Sanduku la Kale Nyumbani: Yapasayo Kutazamwa Kabla ya Kununua



Katika nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi vitu vya thamani hulala mahali pabaya. Hati ya kiwanja huwekwa chini ya godoro, vyeti vya watoto hutiwa katika mfuko uliotundikwa msumarini, na nguo za arusi hukunjwa juu ya magunia ya mahindi. Ikija mvua, au mchwa, au panya, hasara hupatikana kwa usiku mmoja, na kuitafuta hati nyingine ni kazi ya siku nyingi. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto wa Mkondoa ulifurika, maji yakaingia majumbani mwa watu wa Kilosa, na maelfu wakayahama makao yao. Waliyoyaona hayo hawahitaji kufundishwa kwamba chombo madhubuti cha kuhifadhia mali si pambo tu.

Basi tumeona yafaa kunena habari za masanduku na makabati ya kale, maana watu wengi siku hizi huyatafuta, na wengine huletewa mlangoni na wachuuzi wapitao kwa njia kuu ya Mikumi. Chombo cha kale chaweza kuwa bora kuliko kipya, tena chaweza kuwa mtego. Mwenye kutazama vema ndiye ajuaye tofauti yake.

Wazee wa nchi hii walikuwa na kilindo, chombo cha gome la mti, wakaweka ndani yake nguo na unga. Bonde la Mkondoa nalo lilikuwa njia ya misafara ya kwenda bara. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na wapagazi walichukua mizigo na masanduku vichwani. Kisha ikaja reli. Kazi yake ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo vyombo vizito vya pwani viliweza kuja kwa gari la moshi, wala havikuhitaji tena kichwa cha mtu.

Katika vyombo vya pwani lililo mashuhuri ni sanduku la Unguja, lenye misumari na mabamba ya shaba ya njano. Ingawa laitwa la Unguja, mengi yaliletwa kwa majahazi katika pepo za kaskazi, kutoka Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi. Ndiyo sababu wafanyabiashara huyaita kwa majina ya Surati, Bombay na Shirazi. Lile la Surati husifiwa kwa wingi wa shaba yake. Mengi yamefanywa kwa mti wa msaji. Ndani, upande mmoja, mara nyingi kuna kibweta kidogo chenye kifuniko chake, na pengine nafasi ya siri chini yake. Na mengine yana watoto watatu wa kuvuta, chini kabisa. Yako pia masanduku ya mti wa kafuri yatokayo Uchina, ambayo harufu yake huwafukuza nondo walao nguo.

Lakini haimpasi mtu wa Kilosa kudhani kwamba kilicho kizuri sharti kitoke mbali. Mninga na mvule ni miti ya nchi yetu, na kabati lililofanywa na seremala hodari kwa kiini cha mninga laweza kuwatumikia wajukuu. Mti wa mninga huhitaji miaka mingi kabla ya kufaa kupasuliwa mbao. Kwa hiyo anunuaye kabati la kale na kulitengeneza amejipatia mbao nzuri, wala hakuuangusha mti mwingine.

Sasa tuseme namna ya kulichagua. Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi twasema, mnunuzi asiyeinama hajanunua bado, amekisia tu.

Kwanza, geuza sanduku utazame chini yake. Juu hupakwa rangi na kung'arishwa, lakini chini husema kweli. Miguu ya chombo kilichokaa miaka mingi sakafuni huwa imelika bila kulingana. Vuta watoto wake wote: njia wanamopita huwa laini na zimechimbika kwa kuvutwa mara nyingi. Chombo ambacho uso wake umechakaa sana, na mahali pa kushikwa na kuvutwa ni papya kabisa, yafaa kukishuku.

Pili, tazama viungo vya pembeni. Fundi mzuri hukata meno katika mbao mbili, yakashikana kama vidole vya mikono miwili. Mbao zilizopigiliwa misumari tu hulegea upesi. Tena tazama parafujo. Zile zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Basi ukiambiwa sanduku lina miaka mia na hamsini, nawe waziona parafujo hizo katika bawaba, ama limetengenezwa baadaye, ama ni jipya. Kutengenezwa si aibu, ila bei yake isiwe ya chombo kisichoguswa. Na mgongo wa kabati ukiwa wa plaiwudi, ujue ni kazi ya karne ya 20, au umebadilishwa.

Tatu, chukua sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku. Ikiwa misumari yavutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, nacho kitashika kutu masika.

Nne, tafuta wadudu. Matundu madogo ya zamani, yaliyo meusi, si neno kubwa. Lakini tandika karatasi nyeupe chini ya mbao, uigonge kwa kiganja. Ukiona unga mwepesi wa rangi changa umeanguka, mdudu yu hai ndani, nawe usimkaribishe nyumbani. Tazama pia mbao nyeupe ya pembeni ya mti, maana hiyo huliwa kwanza. Kiini cheusi hudumu zaidi.

Tano, nusa ndani. Harufu ya ukungu yaonyesha kwamba sanduku lilikaa penye maji. Na rangi ya zamani ikibanduka, usiikwangue ovyo wala kuisugua kwa msasa mbele ya watoto. Rangi nyingi za kale zilichanganywa na risasi, nayo ni sumu.

Sita, pima mlango wako na chumba chako kwa kamba kabla ya kutoka nyumbani. Wako walionunua kabati zuri, likakaa barazani kwa kuwa halikuingia.

Ukiisha kulileta, liweke juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta, ili mchwa atokaye chini aonekane mapema. Hati zitie kwanza katika mfuko wa plastiki uliofungwa vema, kisha ndani ya kibweta. Maana hata sanduku la msaji si mtumbwi. Usitie mahindi humo. Dumuzi, mdudu aliyetambuliwa huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea katika nchi, hula nafaka na tena hutoboa mti mkavu, akakaa humo kungoja mavuno mengine. Nafaka ina mahali pake, na nguo zina mahali pake.

Liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni watoto. Kifuniko cha sanduku kubwa ni kizito. Mtoto akiingia kujificha, na kifuniko kikamfungia, hewa humwishia upesi wala hasikiki. Funga sanduku kwa ufunguo na kuuweka ufunguo juu. Au kama halina kitasa kizima, ondoa tumbuu na komeo lake, lisiweze kujifunga lenyewe.

Mwisho tuwaambie wale wanaouza. Mchuuzi ajapo na fedha mkononi, msifanye haraka. Ulizeni kwanza, sanduku hili ni la nani? Mara nyingi ni la mama, alilokuja nalo alipoolewa, wala si la shemeji wala la mwana wa kwanza. Mjane asipoulizwa, fedha ile huleta ugomvi usiokwisha. Wakikubaliana wote, waandike karatasi mbele ya mashahidi. Tena kabla halijatoka, toeni kila kitu, mpapase kila pembe na kila nafasi ya siri. Mali bila daftari huisha bila habari; basi ni huzuni iliyoje daftari lenyewe likiuzwa pamoja na sanduku! Na mwenye mlango wa nakshi ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huuhesabu mlango uliochongwa Tanzania Bara kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Basi asimpe mgeni auchukue nje ya nchi bila kibali.

Wala msinunue kwa kuwa jirani amenunua. Usisafirie nyota ya mwenzio. Nyumba yenye sanduku moja la mninga, kavu, lenye kitasa kizima na hati zote ndani, imekwisha kupata kilicho bora. Jioni hii, kabla ya kufikiri habari za kununua, kila mwenye nyumba na ainue godoro lake atazame yaliyo chini.