Ugonjwa wa Makovu Mengi na Watu Watembeao kwa Ajili Yake

Upo ugonjwa ambao madaktari huupima kwa kumwambia mgonjwa atembee. Humtazama akienda na kurudi, wakahesabu mita. Akiweza kwenda mita 500 bila mkongojo wala kupumzika, huandikiwa alama 4. Akiishia mita 200, alama 5. Akihitaji mkongojo ili afike mita 100, alama 6. Asiyeweza kupita mita 5 hata akisaidiwa hupewa alama 7, na tangu hapo maisha yake ni ya kiti cha magurudumu. Kipimo hiki, kianziacho sifuri na kuishia 10, ambayo ni mauti, kilitungwa na daktari wa Marekani, John Kurtzke, na kuchapishwa mwaka 1983 katika hali itumikayo mpaka leo. Ugonjwa wenyewe waitwa maltipo sklerosisi, yaani makovu mengi, na kwa jina hilo la makovu tutautaja katika makala haya.

Makovu hayo hayaonekani kwa macho, kwani yako katika ubongo na uti wa mgongo. Msomaji na aukumbuke waya wa umeme na mpira unaoufunika. Mishipa yetu ya fahamu nayo ina utando wa mafuta ufanyao kazi ya mpira huo. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, wale ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaushambulia utando wa mwenyeji wao. Utando ukichubuka, habari itokayo ubongoni kwenda mguuni huchelewa, hupotea njiani, au hufika imevurugika. Mmoja huamka jicho limeingia giza. Mwingine hufa ganzi tangu kiunoni kwenda chini. Mwingine huona viatu vyake vimekuwa vizito kama vya chuma. Baada ya majuma kadhaa hali hiyo aghalabu hupungua, hata mtu akadhani amepona, kisha hurudi. Wapo pia wasiopata nafuu hiyo, ambao miguu yao hudhoofika polepole, mwaka baada ya mwaka.

Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume. Mpiga selo wa Uingereza, Jacqueline du Pré, aliambiwa habari yake mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 28, baada ya vidole vyake kuanza kupoteza hisi. Hakupiga tena mbele ya hadhara, na akafariki mwaka 1987.

Lakini yaliyo mazito zaidi katika kuishi na maradhi haya pengine si yale yanayoandikwa katika vyeti vya hospitali. Ni uchovu. Mtu aliyelala usiku kucha huamka amechoka kana kwamba amelima shamba zima, na kwa kuwa hana jeraha wala homa, jamaa zake humwita mvivu. Akienda sokoni akiyumba, wapita njia humwita mlevi. Joto nalo ni adui. Tangu mwaka 1890 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi macho ya wagonjwa yanavyofifia mwili unapopata moto, na kwa miaka mingi madaktari waliwatumbukiza watu katika maji ya moto ili kuona kama ugonjwa utajitokeza. Sisi tuishio chini ya jua la ikweta tunaweza kukisia adhabu hiyo.

Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mjini Paris mwaka 1868. Tangu hapo ilipita miaka 125 bila dawa hata moja iliyothibitishwa kuuzuia usisonge mbele. Katika kiza hicho, tarehe 1 Mei 1945, mwanamke wa New York aitwaye Sylvia Lawry alitia tangazo dogo katika gazeti la New York Times. Kaka yake, Bernard, alikuwa mgonjwa, naye akamwomba yeyote aliyepona amwandikie. Barua zaidi ya 50 zilimjia. Hazikuwa za waliopona. Zilikuwa za wagonjwa na ndugu zao waliotaka kujua kama yeye amekwisha kupata jibu. Mwaka uliofuata aliunda chama cha kutafuta fedha za utafiti, ambacho ndicho chama cha taifa cha ugonjwa huu nchini Marekani hivi leo.

Fedha zilitafutwa kwa njia nyingi, na mwaka 1988, katika jimbo la Minnesota, wakaanza kutembea. Utaratibu wake hautawashangaza wasomaji wetu waliozoea matembezi ya hisani. Mtembeaji huwaendea jamaa, majirani na wenzake wa kazini, kila mmoja akaahidi kiasi chake, kisha siku ikifika hutoka asubuhi, jua halijawa kali. Tulichoona sisi kuwa cha ajabu ni kule kuchagua kutembea. Wangeweza kuuza maandazi. Badala yake walichagua kitendo kile kile ambacho ugonjwa humnyang'anya mtu, wakakifanya barabarani, na wagonjwa wenyewe wakiwamo: wengine kwa mikongojo, wengine katika viti vikisukumwa na watoto wao. Kwa aliye na alama 6, njia ya kilomita moja yaweza kuwa kazi ya asubuhi nzima.

Jambo moja lisisahauliwe. Waliotembea mwaka 1988 walitembea hali hakuna dawa. Dawa ya kwanza, intaferoni ya sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Nayo ilipunguza mashambulizi tu, haikuponya. Wale ambao miguu yao hudhoofika bila nafuu walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo wakapata dawa yao ya kwanza. Matembezi hayo, yaliyosambaa katika miji mingi ya nchi ile, yamekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni 1. Si zote ziendazo kwenye maabara. Sehemu huwahudumia wagonjwa, nasi hatuoni kosa katika hilo.

Utafiti nao umesogea. Mwezi Januari 2022 wataalamu wa Harvard walitangaza kwamba, baada ya kuchunguza habari za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 na damu iliyohifadhiwa ya baadhi yao, waliona hatari ya kupata ugonjwa huu huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Watu wazima karibu wote duniani wana kirusi hicho na wengi hawaugui. Kwa hiyo chanzo si hicho peke yake.

Mwaka 2011 Mmarekani Lori Schneider, mgonjwa aliyekuwa amefika kilele cha Everest mwaka 2009, aliwaongoza wagonjwa wenzake kupanda Kilimanjaro. Twampongeza. Hata hivyo tungesikitika kama habari hiyo ingemfanya mtu amtazame mgonjwa aliye kitini na kudhani kwamba amekosa moyo. Kovu likiwa kwenye uti wa mgongo, moyo hausogezi mguu.

Hapa kwetu husemwa kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya ya Kaskazini. Lakini makovu huonekana kwa mashine ya kupiga picha kwa sumaku, na mashine hizo ni chache katika nchi zetu, na gharama ya picha moja huwashinda wengi. Mgonjwa asiyepigwa picha huitwa mwenye kiharusi, au hupelekwa kwa mganga atafute aliyemroga.

Bei ya dawa ni ukuta mwingine. Nyingi kati ya zile zilizopatikana baada ya mwaka 1993 huuzwa Marekani kwa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, hata waliotembea ili zipatikane wakashindwa kuzinunua. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa 3 za ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa za lazima. Moja ni rituksimabu, ambayo madaktari wa Sweden wameitumia kwa wagonjwa wengi na ambayo gharama yake ni nafuu. Si dawa mpya: iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi, na katika hospitali za saratani inajulikana vema.