Kuuomba Mgahawa Uondoe Vikwazo kwa Wateja Wenye Ulemavu

Mteja mwenye ulemavu hulipa bei ileile wanayolipa wengine. Anapobebwa na wahudumu kupandishwa ngazi, au kuletewa chakula nje ale garini, hapati huduma kamili aliyoilipia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kufika katika majengo yaliyo wazi kwa umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazigusa pia huduma zinazotolewa na sekta binafsi.

Kabla ya kuandika, tambua ni nani mwenye uwezo wa kurekebisha. Katika migahawa yenye matawi mengi, meneja wa tawi anaweza kusogeza meza, au kuondoa ndoo na mafagio yaliyorundikwa ndani ya choo chenye alama ya kiti mwendo, jambo la kawaida mno na lisilo na udhuru. Ngazi hawezi kuzibomoa, kwa kuwa jengo mara nyingi ni la kupanga na michoro hutoka makao makuu. Mwandikie meneja, na nakala ipelekwe makao makuu. Wao wakibadili kiwango chao, hata matawi yatakayofunguliwa baadaye yatanufaika.

Eleza kikwazo kwa vipimo. Kusema “mlango ni mwembamba” hakumsaidii fundi. Mlango wa kupitisha kiti mwendo huhitaji nafasi wazi ya sentimeta 80 hivi, na mahali pa kukigeuza huhitaji sentimeta 150. Njia ya mteremko hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12. Kwa hiyo ngazi mbili zenye jumla ya kimo cha sentimeta 30 huhitaji mteremko wa mita 3.6. (Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi unaweza kuwa hatari kuliko ngazi zenyewe.)

Mahitaji mengine hayadai ujenzi. Mhudumu anaweza kumsomea mteja asiyeona orodha ya vyakula pamoja na bei zake. Mteja kiziwi anaweza kuoneshwa namba ya oda badala ya kuitwa kwa sauti.

Barua yaweza kuwa fupi hivi:

“Ndugu Meneja,
YAH: OMBI LA KUREKEBISHA MLANGO WA KUINGILIA
Mimi ni mteja ninayetumia kiti mwendo. Jumamosi iliyopita nilishindwa kuingia katika tawi lenu kwa sababu ya ngazi mbili za mlango wa mbele. Wahudumu walinipokea kwa heshima, nami ninawashukuru. Ninaomba ijengwe njia ya mteremko yenye vishikio. Kwa sasa, naomba mlango wa pembeni usio na ngazi uwe wazi kwa wateja. Nitashukuru kupata majibu ndani ya siku 21.”

Tumia neno “naomba”, lakini usiombe radhi, wala huna wajibu wa kueleza historia ya ugonjwa wako. Vitisho havifai katika barua ya kwanza; humfanya msomaji ajitetee badala ya kutafuta fundi.

Tunza nakala yenye tarehe na jina la aliyeipokea. Muda ukipita bila majibu, andika barua ya pili ukiitaja ya kwanza pamoja na Sheria ya 2010. Ikipuuzwa nayo, zipeleke zote mbili kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, au kwa chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nawe.