Kufungia Chakula kwa Mashine ya Kuondoa Hewa

Mlaji anunuaye nyama au samaki kwa wingi anaweza kunufaika na mashine inayofyonza hewa na kufunga mfuko wa chakula. Hata hivyo, wapo wanaodhani kuwa chakula kilichofungwa hivyo hakiharibiki hata kikikaa nje ya friza. Dhana hiyo ni ya hatari.

Faida ya mashine

Ndani ya friza, barafu iliyomo katika nyama hugeuka mvuke polepole, nyama ikakauka na kupata madoa ya kijivu. Aidha, oksijeni huharibu mafuta, hasa ya samaki, na kubadili ladha. Mfuko unaokibana chakula hupunguza hali zote mbili.

Mipaka yake

Kuondoa hewa si kuua vijidudu. Bakteria wengi wanaoozesha chakula huhitaji hewa, na harufu wanayosababisha humtahadharisha mpishi. Lakini Clostridium botulinum hustawi pasipo oksijeni na hutoa sumu inayopoozesha misuli, ikiwemo ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo huweza kuonekana na kunukia kama kawaida. Baridi ya friza nayo haiwaui bakteria hao. Huwazuia tu kuongezeka.

Tunawashauri walaji wazingatie yafuatayo:

1. Gawa chakula katika mafungu ya mlo mmoja. Chakula kilichopikwa kiingizwe jokofuni ndani ya saa 2 na kipoe kabisa kabla ya kufungwa.
2. Mboga zichemshwe kwa dakika chache, zitumbukizwe katika maji ya barafu, kisha zikaushwe.
3. Futa ukingo wa mfuko. Unyevu na mafuta huzuia mfuko kufungika barabara.
4. Andika jina la chakula na tarehe, kisha ingiza mfuko katika friza mara moja. Friza iwe na nyuzi joto 18 chini ya sifuri.
5. Yeyusha chakula ndani ya jokofu, si mezani. Samaki afunguliwe mfuko kabla ya kuyeyushwa, kwa kuwa baadhi ya aina za bakteria huyo huweza kukua hata katika baridi ya jokofu.

Umeme unapokatika

Usifungue mlango wa friza. Friza iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Nyama, samaki au chakula kilichopikwa kikikaa katika joto lililozidi nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, kitupwe, hata kama mfuko bado umebana. Usikionje ili kukipima.

Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza au kutamka maneno vizuri baada ya kula, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Gharama ya kipande cha samaki kilichotupwa hailingani na uhai wa mtu.