Utando wa Asili na Utando wa Kuvundika: Istilahi za Sarafu Kongwe za Fedha

Mtu afunguapo kasha la urithi na kukuta humo reale kongwe iliyogeuka rangi, neno limjialo kwanza ni kutu. Neno hilo likishatamkwa, mkono nao hufuata: hutafutwa majivu na ndimu, sarafu ikasuguliwa mpaka ing'ae. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halifai kwa jambo hili, na kwamba kosa la istilahi laweza kuleta hasara.

Kutu hula chuma na kukimegua. Liipatalo fedha ni jambo jingine. Gesi zenye salfa zilizomo hewani huungana na uso wa sarafu, hasa penye unyevu, zikafanya tabaka jembamba la salfidi ya fedha. Tabaka hilo tunapendekeza liitwe utando. Utando huo umetokana na fedha ya sarafu yenyewe. Kwa hiyo anayeusugua huondoa sehemu ya sarafu pamoja na ushahidi wa historia yake.

Rangi hutegemea unene wa utando. Mwanga unaorudishwa na uso wa utando hukutana na ule unaorudishwa na fedha iliyo chini, zikatokea rangi kama za mafuta yaliyotanda juu ya maji. Utando mwembamba huonekana wa dhahabu hafifu. Ukizidi huwa hudhurungi yenye wekundu, kisha zambarau na buluu. Rangi zaweza kujirudia kabla utando haujawa mnene na mweusi.

Kazi hiyo ya miaka mingi yaweza kuharakishwa kwa saa chache kwa kutumia dawa zenye salfa au moto. Hapo wengi husema utando ni bandia, nasi hatukubaliani na neno hilo. Utando ni salfidi ya fedha ileile. Kilichoghushiwa ni muda. Kiswahili kina mfano wake tayari: ndizi iliyoiva mgombani na ndizi iliyovundikwa zote ni ndizi, lakini mnunuzi ana haki ya kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo tunapendekeza utando wa asili na utando wa kuvundika.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa reale ya Maria Theresa, iliyoenea Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kutengenezwa kwa mwaka huohuo wa 1780, zikiwa na uzito wa gramu 28 hivi na fedha safi sehemu 833 katika 1,000. Kwa kuwa mwaka ulioandikwa hauonyeshi umri, mnunuzi hushawishika kuukisia kwa rangi. Wajuzi hawafanyi hivyo. Wao huchunguza vipengele vya nakshi, kama vile bizimu ya begani na mkia wa tai.

Je, utando wenyewe huamuliwaje? Kwanza, hutazamwa mfuatano wa rangi. Utando wa asili kwa kawaida hupita kutoka rangi moja hadi nyingine polepole. Buluu kali inayokatika ghafla kando ya fedha nyeupe hutia shaka. Pili, hutazamwa mahali utando ulipo. Sarafu iliyokaa katika karatasi yenye salfa mara nyingi hubadilika kuanzia ukingoni kuelekea kati, na kando ya herufi zilizoinuka utando huweza kuwa mwembamba zaidi. Tatu, hutazamwa kilicho chini ya rangi. Sarafu isiyochakaa ikigeuzwa chini ya taa, miale yake huzunguka kama ya gurudumu. Mng'aro ukiwa umekufa na mistari ya kusuguliwa ikionekana, huenda rangi imewekwa ili kuficha usafishaji. Nne, harufu ya dawa, au rangi inayotoka kwa kimiminika kisichoyeyusha salfidi, ni ishara mbaya.

Hata hivyo, hakuna ishara moja inayotosha. Sarafu iliyosuguliwa zamani yaweza kuota utando mpya wa asili, na kwa kuwa kemia ya tando zote mbili ni moja, kipimo cha maabara peke yake hakimalizi shauri. Kwa sababu hiyo tunaongeza istilahi ya tatu, utando wa shaka, ili mjuzi asiyeridhika asilazimike kuchagua kati ya maneno mawili asiyoweza kuyathibitisha.

Tunawaomba wasomaji, hasa masonara na watunzaji wa makumbusho, watuletee maneno watumiayo katika kazi zao. Wakati huohuo, mwenye reale kongwe na aiache ilivyo, aishike kwa ukingo, na majivu ayaweke kwa ajili ya sufuria.