USHIRIKIANO WA MATAIFA KATIKA HIFADHI YA VIUMBE HAI: FUNZO LA MUHOGO

Muhogo ni miongoni mwa mazao makuu ya chakula katika Afrika ya kitropiki. Huvumilia ukame, hustawi katika ardhi iliyochoka, na mizizi yake huweza kuachwa ardhini hadi siku ya haja. Hata hivyo mmea huu si mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako wakazi wa bonde la mto Amazon waliufanya kuwa zao la shamba maelfu ya miaka iliyopita. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na baadaye ukaenea hadi Afrika ya Mashariki.

Historia hiyo ina maana kubwa kisayansi. Mmea unapohamishwa kutoka kwao, aina chache tu ndizo zinazochukuliwa. Jamaa zake wa porini huachwa nyuma, na vivyo hivyo wadudu wanaowaangamiza maadui zake. Kwa hiyo zao likipatwa na msiba ugenini, tiba yake huenda ikawa katika nchi nyingine kabisa. Jambo hilo limeupata muhogo wa Afrika mara tatu, nasi tutalieleza kwa utaratibu.

Anuwai ya viumbe hai ni nini?

Anuwai ya viumbe hai, au bayoanuwai, ni jumla ya tofauti zilizopo baina ya viumbe. Hutazamwa katika ngazi tatu: tofauti za jeni ndani ya spishi moja, tofauti baina ya spishi na spishi, na tofauti baina ya mifumo ya ikolojia, yaani mahali ambapo viumbe huishi kwa kutegemeana.

Ngazi ya kwanza ni muhimu sana kwa muhogo, kwa sababu wakulima huupanda kwa pingili wala si kwa mbegu. Pingili zilizotoka katika shina moja hutoa mimea yenye jeni zilezile. Shamba zima laweza kuwa, kwa hakika, mmea mmoja uliorudiwa mara nyingi. Ugonjwa ukiushinda mmea huo, umelishinda shamba lote.

Msiba wa kwanza: batobato

Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Warburg, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa batobato la muhogo, akiwa ameuona katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani ya mmea ulioambukizwa huwa na mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, na mizizi hudumaa. Ugonjwa huu husababishwa na virusi vya Kiafrika vinavyoenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zenye maambukizo. Kwa kuwa muhogo haukuwa umekutana na virusi hivyo huko kwao, aina zilizolimwa hazikuwa na kinga ya kutosha.

Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, wakiongozwa na H. H. Storey na baadaye R. F. W. Nichols, waliutafuta ukinzani nje ya muhogo wenyewe. Waliupata katika Manihot glaziovii, mti wa asili ya Brazili ambao Wajerumani walikuwa wameupanda nchini kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mti huo ni jamaa wa porini wa muhogo.

Chotara wa kwanza alikuwa na ukinzani, lakini mizizi yake haikufaa kwa chakula. Ilibidi achavushwe tena na tena na muhogo wa kawaida. Chotara wa kwanza ana nusu ya jeni za mti wa porini. Akichavushwa na muhogo, watoto huwa na wastani wa robo. Kisha moja ya nane. Kisha moja ya kumi na sita. Katika kila kizazi watafiti waliteua mimea iliyokuwa na mizizi mizuri na ambayo bado iliushinda ugonjwa. Muhogo uitwao Namikonga nchini Tanzania na ule uitwao Kaleso katika pwani ya Kenya hutajwa na watafiti kuwa zao la kazi hiyo.

Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, iitwayo IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, ilizitumia kuzalisha aina mpya. Batobato kali lilipoangamiza mashamba ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi wakaacha kupanda muhogo, aina hizo ndizo zilizogawiwa ili kulirudisha zao hilo. Jeni za mti wa Brazili zilikuwa zimepita Usambara na Ibadan kabla ya kufika Uganda.

Msiba wa pili: kidung'ata

Mwaka 1973 mdudu asiyejulikana alionekana katika mihogo ya eneo la Kinshasa na Brazzaville. Huyu ni kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo aliyefunikwa na nta nyeupe mfano wa unga, ambaye hufyonza utomvu wa machipukizi. Majike wa spishi hii huzaa bila dume; hivyo mdudu mmoja aliyebebwa katika pingili hutosha kuanzisha kizazi kizima. Alienea nchi baada ya nchi, na katika mashamba mengine hasara ilifikia asilimia 80.

Wanasayansi walikisia kwamba, kwa kuwa mdudu huyu hakuwa tishio kubwa katika Amerika ya Kusini, huko lazima alikuwa na adui. Msako ulichukua miaka kadhaa. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, wa kituo cha utafiti cha CIAT cha Kolombia, alimpata kidung'ata nchini Paraguay. Na pamoja naye alipatikana nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, asiyezidi milimita mbili. Jike wa nyigu huyu hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu huanguliwa, humla mwenyeji wake kwa ndani, kisha hutoka akiwa nyigu kamili.

Nyigu walipelekwa kwanza karantini Uingereza ili kuhakikisha kwamba hawakubeba madhara mengine. Mwaka huohuo wa 1981 IITA ilianza kuwaachilia nchini Nigeria. Chini ya uongozi wa Hans Herren, walizalishwa kwa wingi na kuachiliwa katika nchi nyingi za Afrika, wakati mwingine kwa ndege. Kidung'ata hakutoweka, bali alipungua hadi kiasi kisicho na madhara makubwa. Mkulima hakununua dawa yoyote. Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Msiba wa tatu: michirizi ya kahawia

Ugonjwa huu wa virusi, uliotambuliwa na Storey mwaka 1936, huozesha mizizi wakati majani yaweza kuonekana mazima. Kwa miaka mingi ulikuwa zaidi ugonjwa wa pwani. Tangu mwaka 2004 umeenea Uganda na nchi nyingine za Maziwa Makuu. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na wa CIAT walitoa taarifa kwamba baadhi ya mihogo ya Amerika ya Kusini ina ukinzani mkubwa dhidi ya virusi hivyo, ingawa huko ugonjwa huo haujulikani. Mihogo hiyo ilitoka katika hazina ya CIAT, inayotunza karibu aina 6,000 kama vipande vya tishu hai ndani ya chupa.

Mali ya nani?

Hapa swali la haki hutokea. Je, Brazili na Paraguay zilipata nini? Zamani viumbe vilihesabiwa kuwa urithi wa wanadamu wote, na aliyeweza kuchukua alichukua. Faida mara nyingi ilibaki kwa wenye maabara. Mkataba wa Bayoanuwai, uliofunguliwa kutiwa saini mjini Rio de Janeiro mwaka 1992 na kuanza kutumika tarehe 29 Desemba 1993, ulibadili msingi huo. Kila taifa lina mamlaka juu ya viumbe vyake. Anayevitaka aombe ridhaa. Na faida igawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilifafanua utaratibu huo.

Lakini kuombana ridhaa kwa kila pingili kungechelewesha uzalishaji wa chakula. Kwa hiyo mwaka 2001 mataifa yalikubaliana, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, juu ya mkataba wa pekee wa jeni za mimea ya chakula, ulioanza kutumika mwaka 2004. Mkataba huo ulifungua mlango wa kubadilishana mazao 64 kwa masharti ya pamoja. Muhogo umetajwa katika orodha ya mwaka 2001, ila ni spishi ya shambani pekee. Jamaa zake wa porini, ukiwemo ule mti uliotumiwa Amani, waliachwa nje. Kuwapata hutegemea makubaliano na nchi yenye mamlaka juu yao.

Tusidhani kwamba Afrika hupokea tu. Kahawa ya arabika, ambayo asili yake ni Ethiopia, iliitajirisha Brazili. Na majani ya malisho ya Brachiaria kutoka Afrika hulisha ng'ombe wengi wa huko. Kila upande una deni kwa mwingine.

Hitimisho

Hazina za tishu na mbegu ni za lazima, lakini hazitoshi. Nyigu wa Paraguay hakuwa katika hazina yoyote. Alikuwa akiishi katika mazingira yake, na kabla ya mwaka 1981 hakuna mkulima wa Afrika aliyejua kwamba chakula chake kingemtegemea. Hii ndiyo sababu hatuwezi kuhifadhi vile tu ambavyo manufaa yake yamekwisha kujulikana. Taifa linalolinda pori lake hulinda pia chakula cha watu wasiolifahamu pori hilo. Na kwa sababu hiyo ni haki gharama na faida zichukuliwe kwa pamoja.

Walimu waweza kuwaongoza wanafunzi kukagua mihogo iliyo karibu na shule. Wahesabu aina zilizopo na kuandika majina ambayo wakulima wamezipa, kisha waangalie ni zipi zenye mabaka majanini na ni zipi zilizo safi. Aina iliyosahauliwa katika shamba la bibi mmoja kijijini yaweza kuwa ndiyo itakayohitajika siku nyingine, hapa au ng'ambo ya bahari.