SIKU YA RUHUSA ISIGEUKE SIKU YA KUBOMOA

Miongoni mwa wananchi wa Unguja na Pemba walioamua kupunguza uzito wa miili yao, limezuka suala linalojadiliwa barazani, maofisini na katika viwanja vya mazoezi. Je, mtu aliyejiwekea mpango wa kula kwa kiasi ajipe siku moja katika wiki ya kula atakacho, au ashike mpango wake siku zote bila ya kulegeza? Wapo wanaosema kwamba siku hiyo ni haki ya mwenye kujitahidi. Wapo wanaosema kwamba ni mlango wa kurejea alikotoka.

Suala hili laweza kuonekana dogo, la mtu na sahani yake. Sisi tunaliona kuwa ni kubwa. Unene wa kupindukia hufungua njia ya maradhi yasiyoambukiza, na maradhi hayo hayali mwili wa mgonjwa peke yake. Hula pato la nyumba, hula nguvu-kazi ya shamba na ya ofisi, na hula bajeti ya hospitali.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kati yao zaidi ya milioni 890 walikuwa wanene wa kupindukia. Kipimo kinachotumika ni chepesi: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita, kisha jawabu likagawanywa tena kwa urefu huo huo. Anayepata 25 au zaidi, uzito wake umezidi. Anayepata 30 au zaidi ni mnene wa kupindukia. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 akifika kilo 82 amekwishavuka mpaka huo wa pili.

Wako kati yetu waliouvuka nao hawajui, kwa kuwa kwa miaka mingi kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya cheo, na mume akinenepa husifiwa mkewe kwa matunzo mema. Fikra hizo zilikuwa na sababu zake katika zama za uhaba. Leo zinatugharimu kwa kisukari, shindikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Kisukari kisichodhibitiwa hupofua macho, huharibu figo na humfikisha mgonjwa mahali pa kukatwa mguu. Kwa hiyo anayeamua kupunguza uzito anastahili kuungwa mkono, si kuchekwa, na anastahili kupewa jawabu lililo sahihi juu ya siku yake ya ruhusa.

Tuanze na hesabu, kwani mwili hauna upendeleo. Hauhesabu nia ya mtu. Huhesabu kilichoingia na kilichotumika. Tuchukue mfano wa mtu ambaye mwili wake unahitaji kalori 2,500 kwa siku ili ubaki kama ulivyo. Ameamua kula 2,000, yaani kila siku ameweka akiba ya 500. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Akishika mpango wake siku zote saba za wiki, kilo moja itamtoka kwa muda wa siku kama 15. Akijipa siku moja ya mapumziko kila wiki, na katika siku hiyo akala kile tu ambacho mwili wake unakihitaji, yaani zile 2,500, kilo hiyo itamtoka kwa siku kama 18. Amechelewa siku tatu. Hiyo si hasara ya kumkatisha mtu tamaa.

Lakini tuseme siku hiyo ya ruhusa ameifungua milango yote, akala kalori 4,000. Hapo nusu ya akiba ya siku sita imekwenda, na kilo ile ile moja itamchukua zaidi ya wiki tano. Akifika 5,500 amekula akiba yote. Wiki imekwisha naye yupo pale pale alipoanzia, ila amebeba uchovu wa siku sita za kujinyima. Hesabu hizi ni za makadirio, kwa sababu mwili unapopungua mahitaji yake nayo hupungua. Lakini zinaonesha wazi tofauti iliyopo baina ya kupumzika na kubomoa.

Wala kufika 4,000 si jambo gumu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na samli haiko mbali na hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari au zaidi, hali ya kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeona ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku. Asubuhi vitumbua na chai ya maziwa, mchana pilau sahani mbili na soda ya baridi, alasiri halua na kahawa, usiku mishikaki na chipsi: mtu huyo atalala akidhani amekula kama walavyo watu wote. Na asidhani kwamba atayalipa yote kwa miguu. Saa nzima ya kutembea kwa haraka hutumia kalori takriban 300, yaani soda mbili tu.

Wanaoitetea siku ya ruhusa wana hoja mbili, nazo tusizidharau. Hoja ya kwanza ni kwamba mwili unaonyimwa kwa muda mrefu huanza kubana matumizi, kwa hiyo siku moja ya shibe huuamsha. Ni kweli kwamba mwili hubana matumizi. Ni kweli pia kwamba baada ya shibe kubwa matumizi yake hupanda. Lakini kupanda huko ni kudogo na ni kwa muda mfupi, hakuwezi kulipa deni la karamu iliyokusababisha.

Jambo ambalo limeonekana kuwa na manufaa ni jingine kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tasmania nchini Australia walitangaza mwaka 2017 matokeo ya utafiti wao juu ya wanaume wanene 51. Kundi moja lilipunguza chakula kwa wiki 16 mfululizo. Kundi jingine lilipunguza kwa wiki 16 vile vile, lakini kwa vipande vya wiki mbili mbili, na kila baada ya kipande lilipumzika wiki mbili. Kundi la kwanza lilipungua kwa wastani wa kilo kama 9, na la pili kilo kama 14. Msomaji asikimbilie kushangilia. Kundi hilo la pili lilichukua wiki 30 kwa jumla, na katika mapumziko yao watu hao hawakuachiwa kula watakacho. Walikula kiasi kile kile ambacho miili yao iliyahitaji, bila ya kuongeza. Kilichowasaidia kilikuwa ni mapumziko yaliyopimwa.

Hoja ya pili ni ya moyo, nayo ina nguvu zaidi. Mtu si mashine. Ukimkaza mno siku zote atakatika, na akikatika hali kwa kiasi tena. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa muda wa karibu miezi sita. Wanaume wale wakawa hawana wanalolifikiri wala kulizungumza ila chakula. Na walipofunguliwa, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakahisi hawajashiba. Kwa hiyo hatuungi mkono mpango wa kujitesa. Anayepunguza chakula kiasi cha kutetemeka kwa njaa hajajenga nidhamu, bali anaandaa uasi dhidi ya nafsi yake.

Sasa tuitazame hali yetu wenyewe, kwani hapa ndipo ushauri wa nchi nyingine usipotufaa kama ulivyo. Mtu wa mji wa mbali, anayekula peke yake siku zote, huenda akahitaji kuichagua siku moja katika kalenda na kuiita ya ruhusa. Mwananchi wa visiwa hivi hana haja ya kuichagua; siku hizo humjia zenyewe. Ana walima, ana hitima, ana maulidi, ana mwana aliyerudi safari, ana jirani aliyeleta bakuli. Ana Idi mbili, na Idi zetu haziishi kwa siku moja. Katika nyumba zenye uwezo, Ijumaa nayo haipiti bila ya pilau au biriani. Anayeongeza juu ya hayo yote siku yake rasmi ya kula atakacho, kila wiki, amebakiwa na siku ngapi za mpango? Mchovya asali hachovyi mara moja.

Wazee wetu walikula walima huo huo, na samli yao haikuwa haba. Lakini siku hiyo ilikuwa ya nadra, na kabla yake na baada yake palikuwa na jembe, kasia, uchumaji wa karafuu na mwendo wa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Sisi tumeibakisha karamu, tumeizidisha, na jembe tumelibadilisha kwa kiti na mwendo kwa bodaboda. Chakula cha sikukuu kimekuwa cha kila siku, kisha tunaomba ruhusa ya siku nyingine.

Mwezi wa Ramadhani unatupa somo lililo karibu zaidi. Mtu hufunga tangu alfajiri hadi magharibi, na bado wako wanaoumaliza mwezi wameongezeka uzito. Sababu haijifichi: muhogo wa nazi, kaimati za sukari, sambusa, tambi, kisha daku nzito, vyote katika saa chache za usiku. Kujizuia kwa mchana hakufuti kilichofanywa usiku, na kujizuia kwa siku sita hakufuti kilichofanywa siku ya saba. Kila aliyepita chuoni alifundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Hatukuambiwa kwamba siku ya sikukuu fungu la pumzi linafutwa.

Tunawageukia sasa viongozi na maofisa. Chai ya mkutano ni siku ya ruhusa iliyojificha. Sambusa mbili, katlesi, kipande cha keki na soda huwekwa mbele ya mtu saa nne asubuhi, wakati amekwishakunywa chai nyumbani. Anayehudhuria vikao vitatu kwa wiki amekula ruhusa zake tatu bila ya kuzihesabu, tena kwa fedha za umma. Haipendezi hata kidogo kikao cha kuzungumzia kisukari kifunguliwe kwa soda na keki. Machungwa, maembe, mapapai, karanga kidogo na maji safi vinapatikana katika masoko yetu, na havimwabishi mgeni. Mkuu wa ofisi anaweza kuyabadilisha haya kesho asubuhi, bila ya kungoja sera mpya.

Kundi moja lazima tulitenge. Mwenye kisukari, hasa anayetumia dawa za kushusha sukari au sindano za insulini, asijipangie siku ya kula atakacho, wala siku ya kujinyima, kwa kufuata maneno ya barazani. Kwake yeye siku moja inaweza kumfikisha hospitali. Vivyo hivyo mwenye maradhi ya figo au moyo, na mama mjamzito. Hao shauri lao liko kwa daktari wao.

Kwa wengine wote, rai yetu ni hii. Siku ya ruhusa iwepo, lakini iwe ile inayokuja na watu, si ile ya kujifungia na sahani. Ukialikwa walima, nenda, kula, mpongeze bwana arusi. Kukataa chakula cha mwenzio si nidhamu, ni kumvunja moyo. Kula sahani moja, tafuna polepole, kunywa maji badala ya soda, na ukishiba uondoke sinia. Siku hiyo hiyo asubuhi usishinde na njaa ili upate nafasi, kwa maana mwenye njaa hapimi. Na chakula kinachofuata kirejee katika mpango, si Jumamosi ijayo.

Aidha, usipande mzani asubuhi ya baada ya karamu. Wanga mwingi na chumvi huzuia maji mwilini, na mzani waweza kupanda kilo moja au mbili ambazo nyingi yake ni maji tu. Wengi huvunjika moyo hapo, wakasema madhali nimeharibu, acha niharibu kabisa. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula, na utazame mwendo wa mwezi mzima.

Kila Januari Mosi wananchi wetu hukusanyika kwa mazoezi ya viungo. Ni ada njema. Lakini hakuna anayedhani kwamba mazoezi ya siku moja yatamtengenezea mwili wa mwaka mzima. Basi kwa kipimo hicho hicho, sahani moja ya Idi haitamharibia mtu kazi ya mwaka. Kinachojenga na kinachobomoa ni yale tunayoyarudia kila wiki. Bandu bandu huisha gogo: anayetaka kulimaliza gogo apumzike kivulini akichoka, ila asitumie mapumziko yake kulirudishia magome.