Majira ya Simiyu: Zamani Ipi Tunayoilinganisha? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ubishi wa kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inaihesabu Simiyu katika mikoa ya misimu miwili, pamoja na Mwanza, Geita, Kagera, Mara na Shinyanga: vuli ya Oktoba hadi Desemba, masika ya Machi hadi Mei. Mkulima wa pamba wa Itilima yeye anauona msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuisha Aprili au Mei, wenye jua la katikati linaloweza kuingia Januari au Februari na kukaa siku kumi, au kukaa mwezi mzima. Kila mmoja yuko sahihi kwa shughuli yake, na sitairudia hoja hiyo.

Leo tuichukue kauli ambayo ukikaa Bariadi utaisikia mnadani, kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) wakati wa kuuza pamba, na ndani ya hiace ya kwenda Lamadi: mvua za siku hizi si za zamani. Kila anayeisema ana ushahidi wake. Mmoja atakuambia mto Simiyu ulikuwa hauvukiki mwezi wa Desemba. Mwingine atakuambia majaluba ya baba yake yalikuwa yamejaa maji wakati ambao leo bado anasubiri kuyalima. Siwabishii. Ninachouliza ni kimoja tu: zamani ya mwaka gani?

Wataalamu wa hali ya hewa nao hulinganisha na zamani, ila zamani yao wameiwekea mipaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia kipindi cha miaka 30: mvua ya miaka hiyo yote inajumlishwa, inagawanywa, na hapo unapatikana ule wastani wa muda mrefu unaotajwa redioni. Kwa muda mrefu kipindi cha kulinganishia kilikuwa 1961 hadi 1990. Sasa ni 1991 hadi 2020. Msimu uleule unaweza kuonekana mbaya ukipimwa kwa kipindi kimoja na wa kawaida ukipimwa kwa kingine, bila tone hata moja kuongezwa au kupunguzwa.

Katika kuanza na 1961 kuna jambo la kulitazama kwa makini, kwa sababu vuli ya mwaka huo haikuwa vuli ya kawaida. Tanganyika ilipandisha bendera yake Desemba 9 huku sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikiwa kwenye mafuriko, na mvua zikaendelea kuwa kubwa miaka iliyofuata. Ziwa Victoria ndilo lililotunza kumbukumbu hiyo vizuri kuliko daftari lolote. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera na Simiyu ikiwamo, inaleta kilichobaki. Kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi Mei 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, likafika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne. Ilivunjwa Mei 2020, kwa sentimita moja, baada ya vuli kubwa ya 2019; kisha mwaka 2024 maji yakapanda juu zaidi ya hapo.

Sasa mfikirie mzee wa Dutwa aliyezaliwa 1950. Alipokuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe, malambo yalikuwa yamefurika na nyasi zimemfika kifuani. Zamani anayoikumbuka ni miaka yenye maji mengi kuliko karibu yote iliyowahi kupimwa. Kama angezaliwa miaka kumi na tano kabla, angekuwa na kumbukumbu ya ukame wa 1949. Mtoto wake aliyekuwa shuleni mwaka 1974 anakumbuka njaa na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mjukuu aliyezaliwa 1995 alisimuliwa mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, lakini alichokiona kwa macho yake ni ukame wa 2005 na 2006, wakati umeme ulipokuwa wa mgawo nchi nzima. Watatu hawa wakikaa chini ya mwembe mmoja, kila mmoja ataapa kuwa mvua zimebadilika, na hakuna atakayekuwa anasema uongo.

Niongeze hapa, kabla hatujaliamini ziwa kupita kiasi, kwamba mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na si ukame peke yake uliolishusha. Mabwawa ya umeme ya Nalubaale na Kiira kule Jinja yalikuwa yanatoa maji mengi kuliko utaratibu uliokubaliwa. Kabla ya kusoma kipimo, uliza ni nani anayeshika bomba.

Waingereza, ambao kwao mazungumzo ya hali ya hewa ni kama kwetu kuulizana habari za nyumbani, wana bahati ya madaftari. Mtaalamu wao Gordon Manley aliunganisha vipimo vya joto vya katikati ya England mwezi kwa mwezi kurudi nyuma hadi 1659, na za mvua ya England na Wales zipo hesabu tangu 1766. Hata hivyo, nao wana mzee wao wa Dutwa. Kila majira ya joto yakizidi, wapo wanaosema hayajafika 1976, mwaka wa jua kali na nyasi zilizokauka ambao kizazi kizima kinausimulia. Majira ya joto ya 2025 yalipokwisha, ofisi yao ya hali ya hewa ilitangaza kuwa ndiyo yaliyokuwa na joto kuliko yote katika orodha ya taifa inayoanzia 1884, na 1976 ukasukumwa nje ya nafasi tano za juu. Waliokuwa vijana mwaka huo hawakufurahi, lakini hesabu ilikuwa mezani.

Sisi hesabu hiyo hatuna kwa urefu huo. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza 1929, na vipimamvua vikawekwa kwenye maboma ya wilaya, misheni na vituo vya utafiti kama Ukiriguru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, idara ikavunjika nayo. Tanzania ikaunda yake kwa sheria ya 1978; idara hiyo mwaka 1999 ikawa wakala na kwa sheria ya 2019 ikawa mamlaka kamili. Vipimamvua vingi vya enzi hizo vilipotea njiani. Karani alihamishwa, kioo cha kupimia kikavunjika, daftari likabaki na kurasa tupu. Kuanzia miaka ya 1980 setilaiti zinasaidia kuziba mapengo kwa kukadiria mvua kutokana na mawingu, na makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Palipo na vipimo vichache, usahihi nao ni mdogo.

Kwa mkoa kama Simiyu, tatizo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Mvua yetu nyingi ni ya wingu moja moja linalojengeka mchana na kumwaga jioni. Dutwa inanyesha hadi barabara inakatika, Nkololo wanapepeta mtama juani. Karibu na ziwa kuna jambo jingine: upepo unaotawala unatoka mashariki, kwa hiyo mawingu yanayozaliwa usiku juu ya maji husukumwa kwenda magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Busega, iliyo ufukweni mwa ziwa hilohilo, haifiki hata nusu. Ukienda kusini mashariki hadi Meatu unazidi kupungukiwa. Kipimo cha Mwanza mjini, kwa hiyo, hakiwezi kumsemea mtu wa Mwanhuzi.

Pamoja na mapengo hayo, kwa ukanda mzima yapo mambo mawili ambayo vipimo vinayaonyesha wazi. La kwanza ni kwamba vuli hupanda na kushuka kwa kufuata Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa bahari yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, unyevu mwingi unakuja bara. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997 na 2019, na 2023 El Nino ilipoungana na hali hiyo tukashuhudia maafa ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 3. Joto likihamia upande wa pili, vuli inakauka, kama sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi zilivyoona 2021 na 2022. Huko si kupungua. Ni kuyumba, na mkulima anaumizwa na kuyumba kuliko na kupungua taratibu.

La pili linahusu masika. Kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, masika ya Afrika Mashariki yalipungua, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha, ingawa mahesabu ya kompyuta kuhusu tabianchi yanatabiri mvua zaidi kwa ukanda huu. Baadaye yakaja masika makubwa kama ya 2018, 2020 na 2024. Wanasayansi bado wanabishana juu ya kitendawili hicho. Anayekuambia kwa uhakika kwamba masika ya Simiyu yanakwisha, au kwamba yamerudi, anakuuzia kitu.

Kauli ya mnadani naamini ina ukweli, lakini ukweli wake hauko kwenye jumla. Tuseme shamba moja la Maswa limepata milimita 700 katika misimu miwili tofauti. Msimu wa kwanza mvua ilianza katikati ya Novemba, ikaja kila wiki, ikapumzika kidogo Januari na kumalizia Aprili. Msimu wa pili ilinyesha sana wiki ya kwanza ya Novemba, watu wakatoa plau na maksai, wakapanda. Kisha jua likawaka wiki tatu. Pamba iliyochipua ikakauka ikiwa na majani mawili. Wakapanda tena Desemba kwa mbegu ya kununua mara ya pili, na Machi ikaja mvua ya milimita 90 siku moja ikabeba udongo. Daftari la mwaka litaandika 700 na 700. Msimu wa pili mwenye shamba amevuna nusu, na michembe ya akiba imeisha kabla ya mavuno. Huyu akisema mvua si za zamani, hazungumzii milimita, anazungumzia mpangilio. Rekodi za mwezi kwa mwezi haziuonyeshi mpangilio huo. Unahitaji za siku kwa siku.

Hapo ndipo pia utabiri unapoeleweka vibaya. TMA ikisema mvua zitakuwa za wastani, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa msimu huo. Mahali ambapo wastani wa msimu ni milimita 400, milimita 300 ni za wastani na 500 ni za wastani. Kwa mpunga wa majalubani hiyo ni tofauti ya kuvuna na kutovuna. Soma kwanza tarehe zinazotajwa za kuanza na kuisha kwa mvua, halafu ndiyo usome hilo neno wastani.

Na kuna ardhi. Milimita 40 katika ekari moja ni karibu lita 160,000, sawa na mapipa 800 ya mafuta. Zikiangukia kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, yenye nyasi, zinazama. Zikiangukia kwenye kilima kilichokwanguliwa, zinafika mtoni kabla hujamaliza kula. Usukuma ilifyekwa miti kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kwa pamba na kuni, hadi Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga mwaka 1984, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa huo, akasikitishwa na hali ya jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI uliofufua ngitili za wenyeji. Kwa hiyo anayeona mto Simiyu umebaki mchanga mwezi wa Julai, watu wakifukua visima vya mikono kutafuta maji, asikimbilie kulaumu wingu. Ajabu ni kwamba mpelelezi Stanley alipopita Ghuba ya Speke mwaka 1875 aliudhani mto huo kuwa ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile. Inaonekana aliukuta una maji. Alikuja Machi.

Ndiyo sababu nauunga mkono mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, uliopitishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, bila kusubiri mtu yeyote athibitishe kwamba mvua imepungua. Mvua inayoyumba inatosha kuwa sababu.

Kwa shule zinazotaka kuanza daftari lao, kipimamvua cha kawaida kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127 na hukaa uwanjani, mbali na paa na miti. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na likizo zikiwamo, na hapo ndipo shule nyingi hushindwa, kwa hiyo mlinzi afundishwe kusoma. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Siku ambayo hakuna aliyesoma iachwe na mstari, na asitokee mwalimu wa kuijaza mwisho wa mwezi ili ukurasa upendeze.

Wiki ijayo: joto la usiku, na kwa nini funza wa pamba wanalijua kabla yetu.